Msiulize anakula kiasi gani, ulizeni anakula saa ngapi

Leo hatuna pishi, hatuna mtindo wa kushona dera wala udi wa kufukiza nyumba. Leo tuna deni la kulipa.

Miaka miwili nyuma, msimu wa harusi za Mfunguo Mosi, tuliandika hapa makala ya bibi harusi anayetaka kupunguza mwili. Mengine tuliyoyashauri yalikuwa ya maana, kama kupunguza soda na kutembea alfajiri. Lakini tuliandika pia kwamba anayetaka kupungua haraka aache chai ya asubuhi, mchana apitishe kwa maji na tende mbili, ale mara moja tu usiku. Makala ile ilipendwa sana. Mliirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, mashoga wakatumiana, na sisi tukafurahi.

Mwaka huu dada mmoja katuandikia. Ametupa ruhusa tumtaje bila jina, na mambo madogomadogo tumeyabadilisha asijulikane. Alikuwa bibi harusi wa msimu ule. Aliyafuata maneno yetu herufi kwa herufi. Wiki ya kwanza alipungua, watu wakamsifu. Wiki ya tatu, usiku mmoja nyumba imelala, aliingia jikoni kuchota kijiko kimoja cha wali uliobaki, akajikuta amemaliza sufuria, na mkate wote, na kopo la maziwa. Alilia, kisha akaenda msalani akajitapisha. Alijiambia ni siku moja tu. Sasa ni miaka miwili, ana mume na mtoto, na hakuna anayejua. Mwisho wa barua yake alituuliza swali moja: yeye ni mroho, au ni mgonjwa?

Tulikaa na swali hilo siku nyingi. Tukasoma, tukawauliza watu wa afya tunaowajua. Jibu letu ni kwamba yeye ni mgonjwa, ugonjwa wake una jina na una tiba. Na sisi tuliotoa ushauri ule tulikuwa tunamfundisha mtu njia ya kuufikia. Tunamuomba radhi yeye, na kila aliyesoma makala ile. Tumeiondoa.

Lakini kuomba radhi peke yake hakutoshi. Tunataka tuseme kwa nini tulikosea, kwa sababu kosa letu ni la mama wengi, mashangazi wengi na makungwi wengi. Sisi sote tunapomuona msichana ana tabu na chakula tunauliza anakula kiasi gani. Swali la kuanzia ni anakula saa ngapi, na kati ya mlo na mlo anakaa na njaa muda gani.

Ugonjwa wenye neno njaa ndani ya jina lake

Ugonjwa wenyewe unaitwa bulimia nevosa. Mwaka 1979 daktari wa akili Gerald Russell, wa Hospitali ya Royal Free mjini London, alichapisha maelezo ya wagonjwa 30, karibu wote wanawake, aliokutana nao kati ya mwaka 1972 na 1978. Aliona kwao mambo matatu yanayokwenda pamoja: hamu ya kula isiyozuilika, njia za kukitoa au kukifuta kile kilicholiwa, kama kujitapisha au kutumia haluli, na hofu kubwa ya kunenepa. Neno bulimia lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni njaa ya ng'ombe. Waliolitunga walikwishaona kwamba hapo pana njaa.

Madaktari wanapozungumzia kufakamia katika ugonjwa huu hawazungumzii mtu aliyeongeza sahani ya biriani kwenye karamu. Wanazungumzia mtu anayekula kwa muda mfupi, tuseme saa mbili, chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangeweza kula kwa muda huo, huku akihisi hana usukani. Hakionji. Mara nyingi anakula kwa siri, anakula vile alivyojikataza mchana, na akimaliza anajichukia. Halafu huja kujitapisha, au haluli, au kujinyima siku nzima, au mazoezi ya kujiadhibu.

Wengi wenye bulimia wana mwili wa kawaida tu. Hakonda wala hakunenepa. Ndiyo maana unaweza kulala naye chumba kimoja, ukala naye sinia moja, usijue. Na sinia zetu, pamoja na baraka zake, zinaficha: ukikaa watu sita, nani atahesabu matonge ya nani?

Siku yake imepangwaje?

Hapa ndipo utafiti ulipotubadilisha sisi wenyewe.

Tulikuwa tunadhani mtu kama yule dada anakula ovyo mchana kutwa. Watafiti waliokaa na wanawake wenye bulimia wakawauliza siku zao mlo kwa mlo wameona mara nyingi kinyume chake. Mtu huruka chai ya asubuhi, hula kidogo sana mchana au hali kabisa, na kufakamia hutokea zaidi jioni na usiku. Ukimtazama saa nne za usiku unamuona mlafi. Ukimtazama kuanzia alfajiri unaona mtu aliyeshinda na njaa.

Christopher Fairburn wa Oxford, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 amefanya kazi kubwa ya kutafuta tiba ya ugonjwa huu, ameeleza mzunguko wake hivi. Mwanamke anaipima thamani yake yote kwa umbo lake na uzito wake. Kwa hiyo anajiwekea sheria kali za kula: hiki haramu, kile haramu, baada ya saa fulani sili. Sheria hizo hakuna binadamu anayeziweza. Siku anapovunja moja, kwa uchovu au huzuni au njaa tupu, anaona kila kitu kimeharibika, basi na ale. Baada ya kula anajitapisha, na kwa sababu amejitapisha kesho anajinyima zaidi ili afidie. Njaa ya kesho inazaa usiku wa kesho.

Asiyeamini kwamba kujinyima kunaweza kumgeuza mtu mwenye akili timamu, na amtazame mwanamume. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, Marekani, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wanaume waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa kiasi cha miezi sita ili ajue namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Hawakuwa na hofu ya kunenepa, wala hapakuwa na bibi harusi kati yao. Lakini walianza kuota chakula, kukizungumza kutwa, hata kusoma vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba. Basi akina baba, mkimuona binti yenu usiku mbele ya friji, msiseme hana haya. Mwili ulionyimwa hudai chake.

Ndiyo maana hatua ya mwanzo ya tiba ni kula kwa mpango, kinyume kabisa cha tulivyoshauri sisi. Mgonjwa anapangiwa milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, asikae zaidi ya saa tatu au nne bila kutia kitu kinywani, awe na njaa au asiwe nayo, awe jana alifakamia au hakufakamia. Anaandika anachokula na saa aliyokula, na alivyokuwa akijisikia. Watafiti waliofuatilia wanawake waliotibiwa hivi wameona kwamba waliorudi kwenye milo ya kila siku ndio zaidi waliofanikiwa kuacha kufakamia na kujitapisha. Wengi huogopa kwamba watanenepa wakila hivyo. Kwa kawaida uzito haubadiliki sana, kwa sababu kile kinachoongezeka mchana kinapungua usiku.

Tuliposoma haya tulicheka kwa huzuni. Bibi zetu walikuwa na ratiba hii bila Oxford. Chai ya asubuhi na mkate au muhogo. Saa nne, kitu kidogo. Mchana wali na mchuzi, samaki, na mboga. Baada ya alasiri, chai tena na kipande cha mkate wa kumimina au kitumbua. Usiku, chakula cha usiku. Hakuna aliyeiita tiba. Ilikuwa ni siku tu. Sisi wa simu za mkononi ndio tuliokuja kumwambia msichana kwamba chai ya asubuhi ni adui yake.

Ukali haupimwi kwa macho

Swali la pili la yule dada lilikuwa hili: hali yake ni kubwa kiasi cha kwenda hospitali, au aache kuwasumbua watu?

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 1994 ulitaka kufakamia na kujitapisha kutokee angalau mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, ndipo mtu ahesabiwe ana bulimia. Mwaka 2013 kiwango kilishushwa kikawa mara moja kwa wiki. Kilishushwa kwa kuwa walioachwa nje ya hesabu walikuwa wanaumia vilevile. Mwongozo huo wa 2013 ulipanga pia madaraja ya ukali, kwa kuhesabu mtu anajitapisha au anafanya mfano wa hayo mara ngapi kwa wiki: mara 1 hadi 3 ni hali nyepesi, 4 hadi 7 ni ya kati, 8 hadi 13 ni kali, na 14 au zaidi ni kali mno. Lakini umeongeza kwamba daktari anaweza kupandisha daraja kwa kutazama dalili nyingine na jinsi maisha ya mgonjwa yalivyovurugika.

Madaraja hayo yana kazi yake kwa daktari. Kwa mgonjwa yanaweza kuwa mtego, na hapa tunasema maoni yetu wazi. Msichana akisikia neno "nyepesi" atajipa ruhusa ya kungoja. Tena, tafiti za Marekani zilizoyajaribu madaraja haya zimeona kwamba hesabu ya mara ngapi haielezi vizuri mateso ya mtu. Kinachoeleza zaidi ni kile alichokitaja Fairburn: ni kwa kiasi gani mwanamke ameifanya mizani kuwa hakimu wa thamani yake. Anayejitapisha mara mbili kwa wiki, lakini haendi shughulini kwa kuona haya ya mwili wake, halali, hamkaribii mumewe na anatamani asingezaliwa, huyo haumwi kidogo.

Na mwili nao haujali daraja. Kutapika mara kwa mara kunapunguza potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika, hata kwa msichana aliyeonekana mzima jana. Asidi ya tumbo inakula meno. Tezi za mate huvimba, mashavu yakajaa, na watu wakamwambia "umenenepa uso", wasijue wanamtia mafuta kwenye moto. Koo linaumia, hedhi inaweza kupotea. Haluli nazo, ikiwemo sanamaki inayouzwa siku hizi kwenye pakiti nzuri kama chai ya kupunguza tumbo, zinatoa maji tu mwilini. Chakula kimekwishanyonywa kabla ya kufika huko. Hata kutapika hakutoi vyote vilivyoliwa. Kwa hiyo mtu anaumia, na hata kile alichokitaka hakipati.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu"

Tunajua mtasema hivyo, kwa sababu na sisi tulisema. Sisi Waswahili, mtasema, tunapenda mwanamke mwenye mwili. Mwali alikuwa anawekwa ndani ale anawiri, asugulliwe singo, atoke anang'aa. Kukonda kwetu ni ishara ya maradhi au ya mume mbaya.

Hivyohivyo walikuwa wakisema watu wa Fiji, kisiwani kama sisi, huko bahari ya Pasifiki. Mwili uliojaa ulikuwa sifa, na kumlisha mgeni ilikuwa heshima. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga. Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwauliza wasichana wa skuli za sekondari katika wiki za mwanzo, kisha akarudi mwaka 1998 kuuliza wengine wa rika hilohilo. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Wasichana walieleza wenyewe kwamba wanataka kufanana na wale wa kwenye kioo, kwa kuwa wanaona hao ndio wanaofanikiwa maishani.

Na Tanzania tusijitoe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wasichana na wanawake wa nchi hii ulikuta matatizo ya kula yapo, na ukayahusisha na kutazama na kusoma vyombo vya habari vya Magharibi. Hapo simu ya mkononi yenye kamera ya kulainisha uso na kubana kiuno ilikuwa bado haijafika mikononi mwa kila msichana wa Michenzani na wa Wete.

Tena kwetu msichana anapigwa pande mbili. Simu inamwambia kiuno chake kikubwa, shangazi anamwambia "mbona umekwisha, mume hakulishi?" Wiki ya pili anakwenda kwenye maulidi anaambiwa "mashallah umejaa, punguza." Mwili wake umekuwa kama khanga dukani, kila anayepita anaushika na kutoa bei.

Saumu na mgonjwa wa chakula

Hili tunaliandika kwa adabu. Sisi si mashekhe wala si madaktari. Lakini tungekuwa wanafiki tukiandika juu ya saa za kula katika visiwa hivi tusiitaje Ramadhani.

Kwa mtu mzima wa afya, saumu ni ibada na ni raha. Kwa mwenye bulimia, siku ya kufunga inafanana sana na siku yake ya ugonjwa: kiasi cha saa 13 bila kitu, kisha meza ya futari yenye sambusa, kaimati, tambi, mihogo ya nazi na uji, na watu wote wanakula kwa pamoja mpaka tumbo linauma. Wengine wanakwenda tarawehe, yeye anakwenda msalani. Ameswali kwa machozi, anajiona mchafu, na haendi kumuuliza mtu kwa sababu atasema nini?

Tunamwambia mambo mawili. Kwanza, Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na haikusema mgonjwa wa homa tu. Ikiwa daktari anayemjua amesema kufunga kutamrudisha nyuma, na aende kwa shekhe anayemwamini au mwalimu wake wa kike, amweleze waziwazi, amuulize namna ya kulipa au kutoa fidia. Asijitoe mwenyewe kimyakimya kwa aibu, wala asijilazimishe mpaka akaanguka.

Pili, kuna saumu ambazo si za Mungu, na mwenye nia anaijua nia yake. Wapo wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wakaunganisha na sita za Mfunguo Mosi, wakalipa kadha zisizokuwepo, na mizani ndiyo wanayoifungia. Nyumbani watu wanasifu uchamungu. Mama, kama binti yako anafunga sana kupita desturi yake, na kila saumu anajipima, usimkatishe ibada yake kwa ukali. Kaa naye. Muulize.

Na wanaosema huu ni udhaifu wa imani, tuwajibu. Hatumwambii mwenye kisukari kwamba imani yake ndogo ndiyo iliyompandishia sukari. Dua tunamuombea, na insulini tunamnunulia. Na huyu tumfanyie hivyohivyo.

Tunachokitaka kibadilike

Majumbani, tunataka mdomo ufungwe juu ya miili ya watu. Salamu zipo nyingi: hujambo, habari za siku, watoto wazima? Hatuhitaji kuongeza umenenepa au umekonda. Tukianza sisi watu wazima, wadogo watafuata.

Makungwi, masomo na wapambaji, tunawaheshimu, na mnasikilizwa kuliko daktari. Acheni kuwapa wali haluli na chai za kukausha tumbo. Mkiona mwali amevimba mashavu, ana makovu juu ya vifundo vya vidole, meno yameanza kumomonyoka, na kila akila anakimbilia msalani na kufungulia bomba, msimtangaze. Mvuteni kando.

Mama mwenye binti wa namna hii, tunajua utakavyotaka kufanya. Utataka kufunga kabati kwa kufuli, kumsimamia mlangoni msalani, kumwita mroho mbele ya ndugu zake. Usifanye. Aibu ndiyo chakula cha ugonjwa huu. Fanya jambo moja la kuanzia: iwepo chai ya asubuhi, na wewe ukae uinywe naye. Mchana vilevile. Msizungumze mwili mezani. Baada ya kula msitawanyike, kaeni barazani, suka ukili, mwambie akusaidie kuchambua mchele. Halafu siku ya utulivu mwambie: mwanangu, nimeona unaumia, sikulaumu, twende pamoja tukapate msaada.

Kuhusu msaada, anzeni na daktari yeyote wa hospitali au kituo cha afya, aangalie damu, moyo na meno. Ugonjwa huu hutibiwa hasa kwa mazungumzo yaliyopangwa, yanayogusa fikra na mwenendo wa kula, mara nyingi kiasi cha vikao 20. Ipo pia dawa inayoitwa fluoksetini, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa bulimia mwaka 1996, lakini hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kuazimana na shoga. Tunajua kwetu ukitaja Kidongo Chekundu watu wanashtuka. Tunajua pia kwamba wataalamu wa mazungumzo ni wachache visiwani na Pemba ni shida zaidi. Hili ni la kuwaambia viongozi wetu kila wanapotuuliza wanawake tunataka nini. Kliniki ya mama na mtoto inapima uzito wetu kila mwezi. Inaweza pia kuuliza, kwa faragha, tunakula vipi.

Na ikiwa mtu anazirai, moyo unamwenda mbio au unaruka mapigo, anatapika damu, au anasema anataka kufa, hapo hakuna kungoja Jumatatu. Apelekwe hospitali saa ileile.

Upande wetu, hapa hatutaandika tena makala ya kupunguza mwili kwa siku kadhaa, wala hatutapokea tangazo la chai ya tumbo. Mkituona tumesahau, tukumbusheni.

Kwako wewe dada uliyetuandikia

Umeuliza kama wewe ni mroho. Mroho hafichi, wala halii akimaliza. Wewe una ugonjwa ulioanza kwa njaa, na njaa ile tulikufundisha sisi. Walioumwa hivi wakapona ni wengi, na hawakupona kwa kujikaza zaidi. Walianza kwa kula.

Huenda leo usiku ukashindwa tena. Basi ikitokea, kesho usijiadhibu kwa kuruka mlo. Hilo ndilo tunalokuomba, na ndilo gumu kuliko yote. Asubuhi amka, weka maji ya chai, tia na kipande cha mkate. Kaa chini, kula polepole, mtoto yuko mapajani. Saa nne kula kitu tena. Na wiki hii, mtu mmoja ajue: mumeo, au mama, au yule wifi yako uliyesema ana huruma. Namba ya muuguzi tuliyekuahidi tumekutumia, anakusubiri, na hatamwambia mtu.

Nyie wengine mnaosoma kimyakimya na mkajiona humu, tuandikieni faraghani. Tutawajibu mmoja mmoja, inshallah.

Wabillahi tawfiq.